Alama ya Jino

...lakini maji yachemke kwanza, yachemke kwelikweli, Mektilda alijiambia huku akilipepea jiko la mkaa, maji ya vuguvugu husafisha tu, na yeye leo hakuja kusafisha, sonara wa Mwanza alisema mwenyewe siku alipouleta mkufu, alimwonya Mama Donatus, zumaridi usiitie maji ya moto, mama, itapasuka, iwe vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, basi, na Mektilda alikuwa palepale amepiga magoti anadeki, wakubwa wakimwona mtu anadeki hudhani na masikio yake yanadeki... birika limeanza kuvuma, bado, chemka, na sabuni hii, kipande kizima cha sabuni! watu wanaoga kwa majani ya mpapai, duka la ushirika halina hata chumvi, na hapa jiwe linaogeshwa kwa sabuni kama bibi harusi, “Mama Zipora, usisugue kwa nguvu!” hiyo ni sauti ya Anisia kutoka chumbani, Mama Donatus wa watu, anajipaka poda, “Sawa, Mama Donatus,” sawa, sisugui, nakupasulia tu, utalia mbele ya askofu, kwa sababu leo ni kipaimara cha Zipora, mtoto wa Mektilda wa kumzaa mwenyewe, na msimamizi wake ni nani? ni Anisia, eti yeye na mumewe Theonest wamemhurumia yatima, ah! yatima huyo alifanywa yatima na nani, kamba alishika nani siku duara, shimo lao la dhahabu, lilipoporomoka na mume wangu Jilala yumo chini... Theonest alisimama kwenye matanga, machozi yanamtoka kama mvua, akamwapia mzee Makoye, baba yake Jilala, baba, kifusi kilinizuia, sikumfikia, sikumgusa mwanao, mzee akamshika kichwa akambariki, na waliokwenda kumtoa Jilala wakasema kifusi kilimfikia kiunoni tu, kifua wazi, uso wazi, ila kile kifuko cha kitambaa alichokivaa shingoni hakikuwepo, kimekatika, wakasema, kimepotelea humo, nani atabishana na udongo... haya, brashi kwanza, aondoe jasho na poda ya Anisia iliyoganda, asije akaulizwa mbona chafu, kisha maji, to! jiwe lipasuke, atasema sijui, mama, labda lilikuwa na ufa, na dhahabu itabaki, dhahabu haidhuriki, bonge la dhahabu lenyewe hata halikufuliwa, Anisia alilitaka hivyohivyo lilivyotoka ardhini, sonara akabandika jiwe katikati, ndiyo fasheni, chini ya zumaridi pameziba uchafu mweusi, sugua taratibu, hivi, panaanza kung'aa, kuna kishimo, na kingine pembeni, kimoja kirefu, kimoja nusu, kimepinda... Mektilda aliacha kupepea. Akalisogeza bonge dirishani. Jino. Jino zima na jino lililovunjika, Jilala alianguka na baiskeli njia ya Kharumwa akabaki na nusu jino, tukamcheka mwezi mzima, na jioni ile alikuja nyumbani anacheka, mayu, mama Zipora, lete taa, akalitoa bonge kwenye kifuko, akaling'ata kama wachimbaji wote wanavyong'ata kujua kama ni dhahabu ya kweli, mzee Makoye akaingiza ukucha kwenye kile kishimo akasema huu ni muhuri wako, mwanangu, na Jilala akasema Jumamosi namwonyesha Theonest tugawane, nusu kwa nusu, akalirudisha kifukoni, kifuko shingoni, akaenda zake... sikumfikia, sikumgusa... alimfikia! uso ulikuwa wazi, Mungu wangu, macho yalikuwa wazi, labda Jilala alimwita, labda alidhani mkono ule unakuja kumvuta, na mkono ukaja shingoni, ukachukua, ukapanda kamba... birika linachemka sasa, kifuniko kinacheza, maji ndiyo hayo, yamwage, Mektilda, yamwage! hapana. Mjinga mkubwa wewe, ulitaka kupasua kijiwe, Anisia alie, anunuliwe kingine, na huu utupwe kabatini usionekane tena, hapana, huu leo utang'aa, kila kishimo kitang'aa, na kanisani msimamizi husimama nyuma ya mtoto, mkono begani, kifua mbele, mzee Makoye ataketi kiti cha mbele, nitampeleka mwenyewe kwa mkono, karibu kiasi cha kunyoosha ukucha, na ukoo mzima nyuma yake, na Theonest kavaa suti... alichota maji ya mtungini akayachanganya na ya birika, akatumbukiza kidole, vuguvugu, vizuri, kama ya kuogeshea mtoto mchanga, akalaza mkufu ndani, akachukua brashi laini, “Mama Zipora, bado tu? Tutachelewa!” “Bado kidogo, Mama Donatus,” alijibu, na sauti yake ilikuwa tamu, “kuna mahali hapajatakata.”