Kapi la Nailoni

Mimi sina subira na mtu mbishi, na Kajetani mchimba visima ni mbishi kuliko wote ninaowajua. Makapi yake ya chuma, yale magurudumu ya kupitishia kamba kisimani, yalikuwa yakiibwa kila mara na watu wa vyuma chakavu, ndipo akaja karakanani kwangu Majengo nimkerezee kapi la nailoni. Nilimwambia waziwazi: visima viwili tu, kisha ulete nikutengenezee jingine. Akaitikia, kumbe yamepita sikio moja yakatokea la pili.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu Dastan, ambaye ndiye humshukia Kajetani shimoni, alinipigia simu. Katika maongezi akasema wako Mpitimbi, kisima cha kumi na moja, na kapi ni lilelile. Nikafunga karakana na kuchukua bodaboda.

Nilimkuta Dastan ameshajifunga kamba kiunoni. Nikapanda juu ya miti mitatu iliyoshikilia kapi, nikalimulika kwa simu. Karibu na tundu la ekseli palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele.

"Kajetani, lishushe. Limechoka."

"Limechoka? Kwani ni mtu?" Vijana wa kamba wakacheka. "Kila asubuhi nalipima mbele ya mwenye kisima. Magunia matatu ya mahindi! Dastan hafikii hata gunia moja."

"Ndiyo unalimaliza hivyo, wewe! Mkono wa jagi la plastiki unabeba maji miaka miwili, siku moja unakatika na maji nusu. Hili limebeba ndoo mia kwa siku, na kila asubuhi unaliongezea magunia!"

Kajetani aliita vijana wakafunga magunia matatu, wakayavuta juu, wakayaacha yaning'inie. Nikasikiliza kama litatoa mlio wa kupasuka. Kapi halikulia. Mama Theodosia, mwenye kisima, akapiga vigelegele.

"Haya, fundi," Kajetani akasema. "Una neno?"

Nilikuwa nalo, lakini nani angelisikia? Nilimshika Dastan mkono, nikamwomba asishuke, nikamwomba kweli, mbele ya watu, mimi ambaye simwombi mtu.

"Kaka, si umeona mwenyewe?" Akajitoa mkononi mwangu taratibu, bila hasira. "Maji yako karibu. Leo namaliza."

Akaingia. Basi nikamsukuma kijana mmoja pembeni, nikashika kamba mwenyewe. Tulimteremsha pole pole, na Kajetani akihesabu futi kwa sauti: tano, kumi, kumi na tano.

Kwenye ishirini kapi likatoa sauti ndogo: tik.

Kajetani akaacha kuhesabu. Akanitazama, kisha akainua macho kwenye kapi. Hakuna aliyethubutu kuvuta wala kulegeza. Kamba ilikuwa imenikaza viganjani, na mstari ule mweupe sasa ulikuwa umepanuka hata niliuona nikiwa nimesimama chini.

"Oyaa," Dastan akaita kutoka shimoni, "mbona mmesimama?"