Kamba ya Mlangoni

...visigino vimegusa ukuta, makalio yamegusa, kilichobaki ni kichwa, na kichwa cha Eulsun kimegoma, kimeinama mbele kama anayetafuta sindano sakafuni, "Nyoosha shingo, mama, halafu usisogee," anasema daktari kijana, eti usisogee, kwani atakwenda wapi, na kigari chake kimebaki nje, kigari chakavu cha mtoto ambacho yeye na bibi wenzake wote kijijini husukuma ili wasianguke, hakina mtoto, kina kabichi tu... "Umezaa mara ngapi, mama?" mara sita, na kitinda mimba ndiye huyo Hyeran, kaketi pale na tumbo la miezi saba, mimba ya kwanza na miaka arobaini inabisha hodi, kamleta mama yake apimwe mgongo lakini macho tangu asubuhi hayabanduki kwenye mgongo huohuo, Eulsun anayajua macho hayo, yana swali, na sasa limemtoka, "Daktari, niambie ukweli. Na mimi nitakuwa hivi?" Hivi! maisha yake mazima, hivi, inamuuma, inamuuma kwelikweli, lakini mtoto kakosea nini, kakua akiwasikia kina mama wakicheka mezani, watoto ndio waliotukunja, kila mmoja kakunja pingili yake... daktari anaeleza, mimba huvuta kiuno mbele, misuli ya tumbo hulegea, mtu akipumzika na kufanya mazoezi taratibu mara nyingi hurudi, uzazi peke yake haumpindi mtu hivi, "Mama, ulikuwa unapumzika ukishajifungua?" kupumzika... kamba ilikuwepo langoni, kamba ya mabua ya mpunga iliyosokotwa kwa kushoto, si kwa kulia kama kamba za kazi, imechomekwa mkaa na vijani vya msonobari, watu wajue kazaliwa msichana, mgeni asikanyage mpaka wiki tatu ziishe, na hakukanyaga hata mmoja, ila mama mkwe alisimama kizingitini, "Mama Dongsik, miche imeshang'olewa, unataka nani aipande?" naye akaamka, supu ya mwani, chakula cha mzazi, haijapoa bakulini, kichanga Hyeran kaachiwa dada yake, akainama akapita chini ya kamba ileile, akaingia matopeni, kiuno kinawaka moto, maziwa yanamlowesha kifua, na hakuna aliyeona ajabu, hata yeye, kamba ilizuia watu kuingia, nani alisema imzuie mzazi kutoka... kumbe si watoto, si watoto peke yao, amewasingizia bure miaka yote, ni kule kuamka, mara sita ameamka kabla mwili haujasema ndiyo, na huyu Hyeran naye ameshawaahidi ofisini kwake, eti nikijifungua nitarudi upesi, nitafanyia kazi kitandani, sauti ya upole ileile ya mtu anayeinamisha kichwa apite chini ya kamba... "Mama, bado kidogo," anasema daktari, hapiti, mwanangu hapiti, ghorofa ya kumi na mbili anakokaa Hyeran haina lango lakini mlango wa chuma nao una pa kufungia kamba, mabua atayatoa shambani kwa Dongsik, kifungua mimba wake, mikono ingali mizima, na aliyepinda yuko karibu zaidi na mabua, ataisokota kwa kushoto, supu ataipika yeye, kigari atakiegesha mlangoni kwa ndani, tuone nani ataruka, na hao wa ofisini wakipiga simu atapokea yeye, Hyeran hayupo, yuko ndani ya kamba, ha! anacheka peke yake ukutani, kifua kimekuwa chepesi, kichwa bado hakijagusa na hakitagusa, basi kisiguse, mwanya huo kati ya kichwa na ukuta ni wake, hauna haja ya kurithiwa, "Mama, unacheka nini?" anauliza Hyeran, na Eulsun, macho yakiwa sakafuni ambako yamezoea kukaa, anasema, "Wewe hutoki. Nikishaifunga kamba, hutoki," "Kamba gani tena, mama?" na daktari, "Usisogee, mama, tafadhali," naye hasogei, visigino ukutani, vidole vyake vimeshaanza kusokota hewa, kwa kushoto...