Shimo la Kalondu

Kalondu hakuwa mtu wa maneno, na ndiyo maana watu wa Kinondo walimwita mwema. Asiyedai kitu hupendwa na wote.

Aliishi kwenye shamba la kaka yangu Chande, kwa masharti yetu ya siku zote kwa mgeni aliyekaribishwa: lima mahindi, lima kunde, lakini usipande mnazi wala usizike mtu. Huku kwetu mti na kaburi ndio ushahidi wa ardhi. Mkamba wa watu akatii miaka yote. Hata mpapai hakuotesha.

Mume wangu aliponiacha, majirani walikuja na pole mdomoni na umbeya moyoni. Kalondu alikuja na ungo wa kunde mbichi, akaketi nami barazani, tukamenya, akaenda zake. Kesho yake akarudi. Hivyo ndivyo nilivyopata rafiki, na tangu aondoke sijapata mwingine.

Alipougua alimwita Chande.

"Kaka, mimi kwetu sina mtu tena. Naomba mnizike hapa, nyuma ya jiko. Msalaba si lazima."

Chande akamshika mkono. "Usiwe na wasiwasi, dada. Hapa ndipo kwako."

Siku chache baadaye akafa, tena akafa na furaha yake. Hiyo furaha ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Watu wa kanisa lake wakachimba kaburi nyuma ya jiko. Chande alimlilia kuliko sisi sote, akamsifu mpaka mchungaji akafuta machozi. Jeneza lilipoinuliwa, akaenda kusimama ukingoni mwa shimo.

"Hapa hazikwi mtu. Leo kaburi, kesho kesi."

"Ulimwahidi!" nikapiga ukelele.

"Nilimwahidi mgonjwa, Mwanatumu. Ulitaka nimwambie nini?"

Wakampakia kwenye pikapu, wakaenda kumfukia makaburi ya umma, pamoja na maiti wasio na wenyewe. Jioni hiyo hiyo Chande akaleta mche wa mnazi, akaupanda mle mle shimoni.

"Kazi ya kuchimba imeshafanywa," alisema.

Mnazi sasa unazaa. Chande naye kapigwa na kiharusi, hainuki, na wanawe wanataka kumuuzia shamba mwenye hoteli mmoja ambaye hataki kusikia habari ya kaburi jipya. Wao hawana nafasi ya kumlisha baba yao. Namlisha mimi.

Juzi alinishika mkono kwa ule mmoja unaofanya kazi. "Mwanatumu, niahidi. Nizikwe hapa hapa, karibu na baba."

Nikamtazama vizuri, nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, kaka. Hapa ndipo kwako."

Aliyajua maneno yale. Macho yakamtoka, akataka kuuvuta mkono wake, nikaushikilia. Kisha nikachukua dafu la mnazi wa Kalondu, nikamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka likaisha.