Makofi ya Wageni

Verediana Tluway alikuwa mwanamke wa kwanza kupanda mapaa ya kijiji cha Mbulumbulu akiwa na bisibisi mkononi. Watu waliacha majembe wakaja kumtazama. Wengine walisema ataanguka, wengine wakasema bati la mzee Tluway litabonyea. Yeye akafunga paneli, akateremka, na jioni ile taa ikawaka sebuleni kwa baba yake. Waliokuja kucheka wakaanza kuuliza na wao watapataje.

Ufundi huo aliupata Karatu, kwenye kampuni ya sola iliyotafuta vijana wa kufundishwa bure. Meneja wake aliitwa Melkizedek, mtu wa maneno matamu na viatu visivyojua tope. "Ajira za kijani zinazosemwa redioni ni ninyi," aliwaambia darasani. "Fungeni mitambo vijijini kwenu, muitunze, na kampuni itawaajiri. Jua la Mungu halijawahi kumfukuza mtu kazi." Vijana walicheka, na Verediana akacheka nao, moyo umemjaa.

Wakati wa mafunzo alilala chumba kimoja na Naomi, binti wa Rombo aliyewahi kufanya kazi mapokezi kwenye loji ya watalii. Baridi ya Julai ilipozidi walijifunika blanketi moja, wakipanga jinsi watakavyofungua karakana yao, ya wanawake peke yao. Naomi alimwita pacha wangu, naye akaitika.

Verediana akarudi kijijini na fulana ya kijani, ngazi, na ahadi. Alipita nyumba kwa nyumba. Kusema kweli, watu hawakuiamini kampuni. Walimwamini yeye. Hamisa, mwenye duka pale senta, alimweleza waziwazi: "Mwanangu, hao wa Karatu mimi siwajui. Nakujua wewe na baba yako." Akauza ng'ombe wake wa maziwa, akafungiwa sola dukani.

Mahindi ya msimu ule hayajakauka shambani, betri zikaanza kufa. Mwanzoni taa zilififia mapema, baadaye zikawa hazifikishi hata chakula cha jioni. Verediana alifungua betri ya baba yake akakuta seli zimevimba, nyingine zimeungwaungwa kwa risasi ya kulehemu. Akafungua ya Hamisa, hali ni ile ile. Vilikuwa vitu vilivyokwisha kuchakaa kwingine, vikavalishwa maganda mapya.

Alimpigia Melkizedek, simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia Naomi, ambaye kwa Kiingereza chake alikuwa amepata kazi ofisini kwa Melkizedek.

"Pacha, vumilia," Naomi alisema. "Betri mpya zinakuja. Na ajira yako iko njiani."

Akavumilia. Hamisa akarudisha kibatari juu ya kaunta. Watu wakawa wanamsalimia Verediana huku wakiangalia migomba.

Ndipo Naomi akapiga mwenyewe. Wafadhili wa mradi wanakuja, wanataka kumsikia fundi wa kijijini. "Vaa fulana. Sema una ajira, sema maisha yamebadilika."

"Ajira ipi, Naomi?"

"We sema tu. Wakifurahi, kila kitu kitakuja."

Wageni walifika asubuhi kwenye uwanja wa shule, watatu, na kofia zao tayari za kwenda kutazama wanyama kreta. Melkizedek alizungumza kwa muda mrefu. Kisha Verediana akaitwa mbele, Naomi akasimama kando yake kumtafsiria. Verediana alimwona Hamisa kwenye benchi la mbele, mikono imekunjwa kifuani, na maneno aliyofundishwa yakagoma kutoka.

"Mimi sina ajira," alisema. "Mshahara sijawahi kuuona, na niliosoma nao hawajauona. Nimefunga sola kwenye nyumba za watu walionilea, na leo taa haziwaki, kwa sababu betri mlizotuletea zilikuwa zimekufa kabla hazijafika. Naomba mzibadilishe, au mje mchukue vitu vyenu."

Naomi akatafsiri. Sauti yake ilikuwa laini, na alitabasamu. Wageni wakatazamana, nyuso zikawang'aa, wakapiga makofi.

"Wanapigia nini makofi?" Hamisa aliuliza kwa sauti.

Mkutano ulipovunjika, dereva wa wageni, Saruni wa Oloipiri, alijifanya anakagua tairi karibu na Verediana. "Dada," alisema bila kuinua kichwa, "ulichosema wewe sicho walichosikia wale. Wameambiwa unashukuru, una kazi nzuri, na kijiji kinaomba mradi ufike hadi kijiji cha Oldeani."

"Basi waambie wewe ukweli!"

"Nina watoto, dada. Gari hili ndilo linanilisha."

Verediana akaenda mwenyewe kwa yule mgeni mkubwa, mama mwenye mvi. Kiingereza chake cha shule hakikumtosha. Alichoweza kutoa ni betri, na mbovu, na tafadhali. Melkizedek akaingia katikati kwa kicheko, akamweleza mgeni jambo. Yule mama akamkumbatia Verediana kwa furaha, simu ikainuliwa, wakapigwa picha.

Alimkuta Naomi mlangoni pa gari. "Pacha, umewaambia nini?"

"Nimekuokoa," Naomi alisema, macho yamelowa. "Wangesikia yale, mradi ungefungwa. Wewe una shamba la baba yako. Mimi ningerudi Rombo na nini?"

"Ulijua habari za betri?"

Naomi akapanda gari, akafunga mlango.

Verediana aliwaeleza majirani yote, pale pale uwanjani. Wapo waliomwamini. Hamisa alisema, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini ng'ombe wangu hawezi kukusikia." Akaenda zake dukani.

Wiki iliyofuata alisikia Melkizedek anaandikisha vijana Oldeani. Akapanda bodaboda, akafika amejaa vumbi la barabara ile mbovu, akawakuta vijana wa mashamba ya kahawa wamepanga mstari nje ya ofisi ya kijiji. Aliwaambia habari za seli zilizovimba, na mshahara usiokuja, na makofi. Baadhi walitega masikio. Kisha msichana mmoja akanyoosha kidole ukutani, kwenye tangazo kubwa la rangi ya kijani. Verediana alikuwepo pale, katika fulana yake, amekumbatiwa na mgeni.

"Si wewe huyu?" msichana akauliza. "Wewe umeshakula, dada. Tuache na sisi tupate chetu."

Mstari ukasogea mbele. Verediana alibaki amesimama kando ya ule mstari, akimweleza kila aliyefika, na kila aliyefika akiutazama ule ukuta kwanza, halafu yeye.