Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Mimi ni mshenga. Kwetu Baraka, huku Kongo, kazi hii haina kofia wala cheo, lakini ndoa nyingi za huku ziwani zilipita mdomoni mwangu kabla ya kufika kanisani. Sheria ya kwanza ya ushenga ni nyepesi: kabla hujasema, taja aliyekutuma. Ukishamtaja unaweza kusema hata upuuzi, maana upuuzi ni wake. Usipomtaja, kila neno ni lako, na utalala nalo.

Mpwa wangu Isidore aliijua sheria hiyo tangu utoto. Kisha akasoma, akawa karani wa pamba, akaisahau.

Mwaka ule wa hamsini na tano habari zilifika kwamba huko Ubelgiji wakubwa wanagombana, wengine wakitaka shule za serikali zisizo na padri wala mchungaji. Ajenti wetu mpya wa serikali, kijana wa Kibelgiji ambaye Jumapili alisafisha bunduki yake wakati wenzake wako misa, alifurahi sana. Aliwakusanya wale waliosoma kwenye serkle yao, nyumba ya mabati walikosomea magazeti ya mwezi uliopita, akawafundisha mchezo wa kubishana. Swali aliliandika ubaoni: nchi inaweza kwenda mbele bila dini? Wakavuta karatasi kutoka kwenye kofia yake. Bonaventure wa dispensari, Mkatoliki wa kila asubuhi, akavuta upande wa Mungu. Isidore, aliyeongoza kwaya ya Waprotestanti, akavuta upande wa pili.

Kama wangebishana kwa Kifaransa tu, nisingekuwa na la kusimulia. Kwa Kifaransa watu wetu walisema mengi wasiyoyamaanisha. Ilikuwa kama kuvaa suti ya kuazima. Lakini watu walijaa madirishani wakilalamika kwamba hawaelewi, na Isidore, kwa roho yake nzuri, akayarudia yote kwa Kiswahili.

"Bavuvi ba Ubwari benye banaombaka banaingia ku ziwa," alisema. "Na benye habaombake banaingia vilevile. Ndagala inafuata nani? Inafuata taa."

Ndagala ni dagaa wetu, wa kuvuliwa usiku kwa taa. Ajenti akapiga makofi mpaka kofia ikamwanguka. Bonaventure alijibu kwa Kilatini, ambacho nadhani hata Mungu alikisikiliza kwa subira. Isidore akashinda. Kesho yake "ndagala inafuata taa" ilikuwa imefika sokoni, na keshokutwa ikafika Lweba. Wahenga walishasema mdomo uliponza kichwa.

Lweba, kijiji cha jirani, ndiko alikokaa Alphonse, mzee wa kanisa, baba yake Adolphine, mchumba wa Isidore. Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa. Kilibaki kikao kimoja tu cha kupanga siku ya harusi. Alphonse ndiye aliyehubiri kila Jumapili ambayo mchungaji hakuweza kufika, na mahubiri yake yalianza vilevile siku zote: "Hii maneno haiko yangu. Ni ya ule alinituma." Mimi nampenda mtu anayefuata sheria za ushenga, kwa hiyo nilimheshimu. Sasa akatuma neno kwamba hakuna harusi mpaka Isidore amlete mwenyewe wa yale maneno ya serkle. Isidore alicheka kwanza. Kisha akaacha kula. Alimpenda yule msichana kiasi cha kuniudhi.

Tukaenda Lweba. Kwa desturi baba wa binti hasemi, husema mshenga wake. Basi Alphonse alikaa kitini kimya kama mzigo, na Jacques, mshenga wake, akasema kwa niaba yake. Isidore naye, msemaji mkuu wa Baraka, alikaa kando yangu mkekani, haruhusiwi kufungua mdomo. Nyuma ya nyumba Adolphine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alitwanga polepole ili asipitwe na neno.

"Mwenye nyumba anauliza," alisema Jacques. "Ile maneno ya ku serkle, mwenyewe nani?"

"Ilikuwa muchezo," nikasema. "Alivuta karatasi."

"Karatasi ndiyo ilimutuma?"

"Ni Ajenti alileta karatasi."

"Ajenti ndiye alisema ndagala inafuata taa?"

Nilikiri kwamba Ajenti hajui ndagala ila kwenye sahani. Nikafanya lile ambalo mshenga hulifanya njia zikimwishia: nikabuni watu.

"Benyewe biko," nikasema. "Kuko bantu huko mbali banawazaka vile. Isidore alikuwa tu mudomo yabo."

"Ubalete hapa."

"Habaonekanake."

Hapo Alphonse akasahau desturi. Alisimama, akasema kwa kinywa chake mwenyewe.

"Baba Norbert, we uko muntu muzima. Muntu mwenye kusemea ule haonekanake, ile iko mudomo ya bongo tu."

Kinu kikanyamaza.

Bongo kwetu ni uongo, na wote tulisikia alichosema mtu anayemsemea Mungu kanisani. Jacques akaangalia miguu yake. Niligeuka nikamwona Isidore ameinua kichwa, jibu limeshafika kwenye meno. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyoyatoa serkle. Kwa jibu lile angelishinda kanisa zima la Lweba, na angerudi Baraka bila mke. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote, na mimi, ambaye si mtu wa kusali sana, nikamwomba Mungu mpwa wangu alimeze.

Akalimeza. Nililiona likishuka kooni.

Alphonse alibaki amesimama. Hakuna aliyesema neno, kwa hiyo hakupata wa kumkasirikia. Akaingia ndani, akafunga mlango. Jacques alisubiri, kisha akatuambia hana la kutujibu kwa sababu mwenye neno ameondoka.

Adolphine alitusindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho.

"Ulikuwa na jibu," alimwambia Isidore.

"Ndiyo."

"Nilisikia vile ulinyamaza."

Akarudi kwenye sombe yake.

Jumapili tulikwenda kusali Lweba. Mimi nilitaka tubaki nyumbani, lakini Isidore alisema kama ni kukataliwa, akataliwe mbele ya watu. Mchungaji hakuwepo. Alphonse akaenda mbele, akafungua Biblia, akaanza kama kawaida yake.

"Hii maneno haiko..."

Akakwama. Akaifunga Biblia, akaiweka kando, na bila ile Biblia mikono yake haikujua pa kukaa.

"Hii maneno ya leo iko yangu," akasema. "Nilisema ku nyumba yangu, mbele ya bageni, muntu mwenye kusemea ule haonekanake iko mudomo ya bongo. Tangu ile siku silalake muzuri. Miaka yote ninasemaka Mungu alinituma. Siku ingine alinituma, naamini vile. Siku ingine nilijituma, na nikamubebesha yeye maneno yangu. Sijue ni siku gani na gani. Isidore aliona, na hakunichekelea. Binti yangu, nampa yeye."

Akaenda kukaa. Yalikuwa mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na ya kwanza ambayo hakuna aliyesinzia. Akina mama walilia waziwazi. Jacques alinung'unika kwamba neno la kumtoa binti lilipaswa kupitia kwake, na kwa sheria alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na furaha mno kubishana naye.

Nje nikampiga Isidore begani. "Umeshinda tena. Sasa Ajenti atakuvalisha medali."

Alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Hapana, mujomba. Leo nimeamini."

"Mungu?"

Alimtazama Alphonse, aliyesimama peke yake mlangoni pa kanisa, Biblia kwapani, hajui kama watu watakuja kumshika mkono au watampita.

"Ule muzee," akasema. "Nitaanzia pale."

Akaniacha hapo, akaenda kumshika mkono kabla ya wengine wote.