Alichosema Mwenyekiti Kuhusu Gorreti

Watu wa Namakwekwe walimpenda mwenyekiti wao wa mtaa, Apollo Mugweri, na hakuna aliyewalazimisha. Alikuwa Msoga kutoka Jinja, lakini hapa Mbale alimsalimu kila mtu kwa lugha ya kwao: Wagisu kwa Kigisu, askari wa magereza kwa Kiswahili cha kambini, Waislamu wa sokoni kwa salamu ndefu isiyopungua neno. Alijua majina ya watoto wenu wote. Ukifiwa, alifika kabla ya jamaa zako. Kwenye mazishi ya mzee Wasike alilia mpaka wajane wakaacha kulia, wakambembeleza yeye.

Siku hiyo Hajara, fundi cherehani, aliona jambo dogo. Mwenyekiti alikwenda nyuma ya nyumba kunywa maji, na huko uso wake ulikuwa mkavu, umetulia kabisa. Akawauliza wapishi kama nyama imeiva. Aliporudi mbele ya watu, machozi yakarudi naye. Hajara alijiambia kwamba kila mtu ana namna yake ya kuomboleza, akaliacha lipite.

Hajara alifanya kazi kwenye veranda ya nyumba ya kupanga pamoja na Gorreti, mke wa Geresom, askari wa magereza. Mmoja alishona magauni, mwenzake alifuma sweta za wanafunzi. Idd ikifika Gorreti alikula pilau, Krismasi ikifika Hajara alipelekewa matoke na kuku. Walikaa hivyo miaka, mpaka alasiri moja mwenyekiti alipokuja kupunguziwa suruali.

"Dada Hajara, mimi sipendi maneno," alisema kwa sauti ya chini. Gorreti alikuwa amekwenda kisimani. "Lakini wewe nakuhesabu ndugu wa tumbo moja. Gorreti anawaambia wateja wako kwamba unakata vitambaa vyao na kuficha vipande. Usimwulize. Ukimwuliza utaniumbua mimi niliyekupenda."

Hajara hakumwuliza. Alianza tu kukunja vitambaa vyake mbali na macho ya jirani yake. Wiki ileile Gorreti naye alihamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba, bila kusema neno, na Hajara akaona huo ndio ushahidi.

Mapema mwaka 1992 uchaguzi wa mitaa ulipotangazwa, Bruhan, mdogo wake Hajara, alisema atagombea uenyekiti. Alibeba abiria kwa baiskeli kati ya Mbale na Nakaloke, na waendesha baiskeli wenzake walimsikiliza. Mwenyekiti alimpongeza mbele ya watu wote, akamwita mwanangu. Siku chache baadaye polisi walimchukua Bruhan, wakisema anapeleka ujumbe wa waasi. Vita vya Teso vilikuwa bado havijazimika, na tuhuma ya namna hiyo ilitosha kumweka mtu ndani hata asahaulike.

Apollo alifika kwa Hajara kabla jirani mwingine hajajua. Aliketi chini kwenye mkeka, akamshika mikono yote miwili, akalia.

"Aliyempeleka kwa polisi ni Geresom, mume wa huyo jirani yako," alisema. "Mimi nampigania kijana. Lakini nikishindwa uchaguzi, nitakuwa na sauti gani mbele ya afande? Waambie Waislamu wenzako wasimame nyuma yangu. Hapo nitamtoa."

Hajara aliahidi. Lakini siku zilipita na Bruhan hakutoka, na kila alipoulizia, mwenyekiti alimwomba awe na subira. Ndipo akakumbuka kwamba Apollo alipenda kumtaja mkutanoni dada yake aliyemlea, Nakato, mfanyabiashara wa Jinja. Labda dada angeweza kumhimiza. Alfajiri moja Hajara akapanda teksi ya abiria kwenda kumtafuta.

Alimkuta sokoni Jinja, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, akipanga mabunda ya vitenge. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mvi, aliyesikiliza bila kuacha kazi yake. Hajara alipomaliza, Nakato alimwuliza, "Alilia?"

"Alilia, mama."

"Akakushika mikono?"

Hajara aliitikia kwa kichwa. Nakato alisogeza mabunda, akampa nafasi ya kukaa.

"Mimi nilikuwa na pacha wangu, Babirye," alisema. "Tulikuwa na duka moja hapo barabarani. Apollo alitaka alisimamie yeye. Akaja kwangu na maneno ya Babirye, akaenda kwa Babirye na maneno yangu, na kila mmoja akamwambia asimwulize mwenzake. Duka likafungwa, hakulipata hata yeye. Babirye alikufa tukiwa hatusemezani. Mazishini Apollo alilia kuliko sisi sote. Ukweli niliupata kwa mume wa Babirye, tukiwa tumeshamzika."

"Kwa nini anachukia watu hivyo?"

"Laiti angechukia. Mtu anayekuchukia amekuona kwamba upo. Apollo anakutazama kama unavyotazama kigoda, kinakalika au hakikaliki. Na watu watampa uongozi kila atakapokwenda, kwa sababu anajua kila mmoja anatamani kusikia nini. Nami nilimpa, wala sikuwa mjinga."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Rudi kamwulize huyo mwanamke. Uso kwa uso. Apollo anategemea haya zenu tu, hana silaha nyingine."

Hajara alirudi Mbale siku hiyohiyo, na hakupitia kwake. Gorreti alikuwa amekaa upande wake wa nyumba na sweta la kijani mapajani. Alipomwona, aliendelea kufuma.

"Gorreti, nimekuja kukuuliza. Uliwaambia wateja wangu kwamba naiba vitambaa?"

Sindano zilisimama. "Nani kasema?"

"Mwenyekiti. Akaniambia nisikuulize."

Gorreti aliliweka sweta chini. "Mimi aliniambia unanicheka kwa sababu sijazaa. Eti unasema Geresom analisha mti usiotoa matunda. Akaniambia nisikuulize, nitakutia aibu."

Hajara aliketi kwenye udongo palepale. Hakuwahi kusema neno hilo. Lakini Gorreti alikuwa amelala nalo miezi yote hiyo, akalibeba kila siku akipita mbele ya cherehani.

"Sikulisema," alisema. "Wallahi sikulisema."

"Naona," Gorreti akajibu. "Sasa naona. Mimi pia sikukusema." Kisha akauliza, "Na Bruhan? Alikwambia nani amempeleka?"

"Geresom."

Gorreti alisimama, akamwita mume wake atoke ndani.

Asubuhi watu hao watatu walikwenda kituo cha polisi, Geresom akiwa na sare yake ya magereza. Afande wa zamu alikuwa mtu wa kaskazini aliyemfahamu Geresom. Alisikiliza, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Geresom amempeleka? Bwana, ni mwenyekiti wenu mwenyewe. Alikuja hapa na huzuni nyingi, akasema kijana ni kama mwanawe ila nchi kwanza. Akaahidi mashahidi. Mpaka leo sijamwona shahidi hata mmoja."

"Tukileta watu wanaomjua kijana?" Geresom aliuliza.

"Leteni."

Waliwaleta. Waendesha baiskeli walijaza uwanja wa kituo, na imamu alikuja, na wake wa askari wa magereza ambao Gorreti aliwapitia nyumba kwa nyumba. Jioni Bruhan alitoka. Alikuwa amekonda na jicho moja lina damu, lakini alipoulizwa kama bado atagombea, alisema ndiyo.

Wakati ule watu walichagua kwa kusimama mstari nyuma ya mtu wanayemtaka, mchana, mbele ya macho ya wote. Uwanjani siku ya uchaguzi Apollo alimkumbatia Bruhan, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba juhudi zake za kumtoa zimezaa matunda. Watu walipiga makofi. Hajara aliinua mkono, akamwomba msimamizi nafasi.

"Sikuja kumshitaki mtu," alisema. "Nina ombi tu. Kila aliyekosana na jirani yake tangu mwaka jana amtafute hapa uwanjani, amwulize, uliambiwa nini juu yangu, na nani alikuambia. Basi. Halafu tupange mistari."

Apollo alitabasamu. "Dada yetu amepitia mengi," alisema kwa upole. "Tumwombee."

Kisha Wamboga, seremala ambaye hakuwa akisema mkutanoni, alivuka uwanja akasimama mbele ya kaka yake aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja akamfuata mwanamke mwenzake. Muda si muda uwanja mzima ulikuwa unanong'ona, na mnong'ono ukapanda ukawa sauti, na katika kila kundi Hajara alisikia jina lilelile. Apollo aliendelea kuzungumza, lakini hapakuwa na aliyemsikiliza. Alionekana kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba asiyoifahamu.

Mistari ilipopangwa, wake haukuwa mtupu. Wapo aliowasaidia kweli, nao walisimama naye. Hajara hakuwalaumu. Mstari wa Bruhan ulipita goli la mpira ukaenda mpaka barabarani.

Apollo alikuwa wa kwanza kumpongeza mshindi. Alilia begani mwake, na wanawake wawili waliokuwa karibu wakafuta macho. Hajara aliwaona, akajua kwamba kazi haikuisha siku hiyo.

Hajara na Gorreti walirudi kufanya kazi pamoja, ingawa si kama zamani mara moja. Neno lile la mti lilikuwa la uongo, lakini maumivu yake yalikuwa ya kweli, na siku nyingine Gorreti alikaa kimya hadi jioni. Hajara alijifunza kumwuliza, "Kuna neno?" na Gorreti alijifunza kujibu.

Apollo alihama kabla ya mvua kwisha. Mwaka uliofuata ikasikika kwamba yuko Jinja, na anataka kuongoza chama cha wauza sokoni. Hajara alizima pasi yake ya mkaa kwa kumwaga makaa, akafunika cherehani. Gorreti alikuwa tayari anavaa viatu.

Walipofika sokoni Jinja, walimkuta Nakato amewakusanya wauza vitambaa mbele ya meza yake, anawauliza mmoja mmoja, kwa sauti inayosikika na wote, ameambiwa nini juu ya mwenzake.