Kipimo cha Mama Breki

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa Machi, mvua ilipokuwa ndiyo kwanza imekatika, mambo ya mpaka rangi mmoja wa mlimani yaliharibika yote kwa mpigo. Asubuhi alikuwa na mke. Jioni alikuwa na baiskeli mbili.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vigingi vya njia za baiskeli mlimani. Kijani kwa wanaoanza na watoto wao, buluu kwa waliozoea kidogo, nyekundu kwa wenye miguu na roho, nyeusi kwa wale ambao, kama mke wake alivyopenda kusema, wamechoka na meno yao. Wageni waliamini rangi hizo zilipangwa na wataalamu. Wapi! Zilipangwa na miguu ya huyo mke.

Walimwita Mama Breki, maana aliogopa miteremko kupita kiasi na breki zake zililia kuanzia juu mpaka chini. Ndiyo sababu alifaa. Kila njia mpya ilipochongwa, yeye alitangulia, na mumewe akafuata na makopo yake, macho kwenye viatu vya mkewe. Asiposhusha mguu hata mara moja, njia ilikuwa kijani. Akishusha hapa na pale, buluu. Akishusha kila kona, nyekundu. Akishuka kabisa akaibeba baiskeli huku akiwatukana waliochonga, basi hiyo nyeusi, haina mjadala.

"Mimi nikipita," alikuwa akisema, "hata shangazi wa mtu atapita."

Siku hiyo walikuwa kwenye njia mpya, ndefu kuliko zote. Ilianzia uwanda wa juu, penye nyasi ngumu na udongo mweusi unaobonyea kama godoro lililoloa, kisha ikaingia msitu wa misonobari na kuteremka hadi geti la chini. Uwandani Mama Breki alishusha mguu hapa na pale, vigingi vikapakwa buluu. Ukingoni mwa msitu akaegesha baiskeli, akaketi juu ya jiwe.

"Bwana wee, kifua kinanibana."

"Pumzika kidogo. Umevuta breki mno."

"Breki zinabana mkono, hazibani kifua."

Mume akapiga simu ofisini. Gari likaja mbio, likakuta geti la chini limefungwa kwa kufuli jipya, amri ya wakubwa ya kuwazuia wakata kuni. Mwenye ufunguo hakujulikana. Ikabidi gari lizunguke mlima mzima. Lilipofika, Mama Breki alikuwa amelala mapajani mwa mumewe, kofia ngumu bado kichwani, na gari hakulihitaji tena.

Mpaka rangi aliuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Meneja akasema suala linashughulikiwa. Mkubwa wa meneja akasema amwone meneja. Wakampiga danadana hivyo hivyo mpaka ulimi ukamkauka. Wakaleta shada la maua lenye utepe wa ofisi, kana kwamba utepe hufungua kufuli. Kisha, mazishi yalipopita, kufuli likaondolewa kimyakimya. Watu wa viti vinavyozunguka ndivyo walivyo: wakikosea, wanageuza kiti.

Tangu hapo alipaka upya vigingi vya zamani tu. Ule msitu hakuugusa. Mchana, breki za mgeni zikilia mahali nyuma ya miti, kichwa kilimwinuka chenyewe kabla akili haijamkumbusha. Chumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ananuka tapentaini. Basi akalala akinuka.

Ndipo meneja alipomfuata stoo.

"Mzee, ile njia inafunguliwa Jumamosi. Msitu upake kijani, familia zije kwa wingi."

"Haijapimwa."

"Kipimo gani tena? Mwenye kipimo si ame..." Meneja akameza yaliyobaki. "Basi, nakupa mpaka kesho jioni. Usiponipa rangi, naleta watu wapake kijani njia yote. Na ile buluu ya uwandani ifutwe, isichanganye wageni."

Ile buluu ndiyo ilikuwa rangi ya mwisho iliyotoka kwenye miguu ya mke wake.

Kuupima msitu mwenyewe hakuweza. Alikulia juu ya baiskeli. Kwake nyeusi ilikuwa kama njia ya kwenda dukani. Maneno ya stoo yalienea usiku huo huo, na asubuhi shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mlangoni, suruali ameikunja mpaka magotini.

"Nimesikia. Nipe baiskeli ya dada."

"Shemeji, wewe na baiskeli wapi na wapi?"

"Ndiyo vizuri. Miguu yangu na ya dada imetoka tumbo moja. Na woga pia, tena mimi nilipewa na nyongeza."

Mpaka rangi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Machi, na kicheko kikamuuma mbavu.

Wakaanzia kwenye lile jiwe. Shemeji akatangulia, breki zikalia, mabega kayapandisha karibu na masikio kama dada yake. Mpaka rangi akafuata, kopo likigonga goti, akijizuia asiite jina ambalo halikuwa la huyu. Kona ya kwanza shemeji akapita bila kushusha mguu. Ya pili akapita.

Kisha njia ikadondoka ghafla kati ya misonobari miwili, juu ya mizizi iliyolowa. Shemeji akasimamisha baiskeli, mkono mmoja ameshika gome la mti, miguu yote miwili bado juu ya pedali.

"Nataka kushusha," akasema bila kugeuka. "Lakini sijui huu woga ni wangu au ni wake."

Mpaka rangi alivitazama viatu vya shemeji. Miaka yote alikuwa nyuma ya viatu vya mke wake, na sasa alijitahidi kuviona hapa, juu ya mizizi hii, akaona pedali tu.

"Shemeji," mdogo wa marehemu akauliza, "wewe ndiye uliyemjua. Niambie kweli: hapa dada angeshusha mguu, au angepita?"